Neno Adimu na Wenzake: Kujenga Msamiati wa Juu wa Kiingereza

Mabibi na mabwana, nianze na wale wanaokariri orodha ya maneno magumu ya Kiingereza kuanzia A. Iwekeni kando. Maneno yenyewe ni mazuri, lakini orodha inayatenga na yale yanayoandamana nayo, na neno adimu bila wenzake halitumiki.

Tazameni “inclement”. Kamusi itakwambia ni kali, isiyo na huruma. Ukiishia hapo utamwita hivyo mwalimu mkali, na msikilizaji atashangaa, maana siku hizi neno hilo ni nadra kutoka nje ya hali ya hewa: “inclement weather”, basi. “Notorious” nalo lina mtego. Linafanana na “famous”, ila umaarufu wake ni wa mabaya. Mtambulishe mgeni rasmi kwa neno hilo uone! Mwanaisimu J. R. Firth alilisisitiza sana jambo hili: neno hujulikana kwa maneno linalofuatana nayo.

Kiingereza kina visawe vingi, yaani maneno ya maana karibu moja. Vimetoka wapi? Wanormani, kutoka kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, Kilatini kikashika kanisa na elimu. Ndiyo maana kuuliza kuna “ask” la wenyeji, “question” lililopitia Kifaransa, na “interrogate” la Kilatini. Rafiki hukuuliza kwa la kwanza. La tatu lina harufu ya kituo cha polisi.

Hapo mizizi husaidia. “Loqui” ya Kilatini, yaani kusema, imo ndani ya “eloquent”, “loquacious”, “colloquial” na “soliloquy”. Lakini mzizi hutoa fununu tu. “Eloquent” ni msemaji fasaha. “Loquacious” ni mwenye maneno mengi. Ukiyachanganya, umekwisha mtukana mtu uliyetaka kumsifu.

Kuhusu kumbukumbu nitasema kwa ufupi. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hupungua. Basi rudia kesho, halafu baada ya siku kadhaa, halafu baada ya wiki kadhaa.

Na si lazima kila neno ulitamke. Mengi yatosha kuyaelewa unaposoma. Kulazimisha yote kwenye barua moja ni kujionyesha tu, na msomaji hugundua upesi. Neno likikujia mara ya pili au ya tatu katika usomaji wako, linakili pamoja na sentensi yake nzima, kisha utunge yako.

Karibuni kwa maswali.