Kovu Lililojificha: Vinundu Vigumu vya Uume

Mabibi na mabwana, mgonjwa wa aina hii huanza kwa kulalamikia mgongo, na ni pale anaposhika kitasa cha mlango ili atoke ndipo huniambia kwamba amepapasa kitu kigumu uumeni, na kwamba uume ukisimama hupinda na kuuma. Moyoni ameshajihukumu kuwa ana saratani. Ugonjwa huu, ambao bado unaitwa kwa jina la François de La Peyronie, mpasuaji Mfaransa aliyeueleza mwaka 1743, si saratani wala haugeuki kuwa saratani. Kinundu hicho ni kovu.

Ndani ya uume mna mirija miwili inayojaa damu, iliyofunikwa kwa utando imara unaovutika. Utando huo ukijeruhiwa, mara nyingi kwa misukosuko midogo ya tendo la ndoa ambayo mwenyewe haikumbuki, kwa baadhi ya wanaume nyuzi za kolajeni, protini inayoshikilia tishu za mwili, hurundikana na kuwa kovu lisilovutika. Bandikeni utepe wa gundi ubavuni mwa puto refu, kisha mlipulize: litapinda kuelekea kwenye utepe.

Katika utambuzi, vidole vya daktari hutangulia mashine. Huuvuta uume taratibu na kupapasa kovu, kisha humwomba mgonjwa picha ya uume uliosimama, aliyojipiga faraghani, ombi ambalo huleta kimya kirefu chumbani. Ultrasauti, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, huonyesha mtiririko wa damu na iwapo kovu limeshika chokaa. Mimi hutazama na viganja, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa hawa wana makovu ya namna hiyohiyo yanayokunja vidole. Kidonda au uvimbe wa kwenye ngozi ni habari nyingine, nao huchunguzwa bila kuchelewa.

Kosa ninaloliona zaidi ni pupa ya kukata. Kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mmoja au zaidi, na ukilipasua kabla halijatulia, mpindo unaweza kurudi. Kipindi hicho ni cha kutuliza maumivu, na vitamini E inayopendwa sana haijathibitika kusaidia. Likishatulia, zipo sindano za kolajenasi, kimeng'enya kinachovunja kolajeni ya kovu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Upasuaji wa kushona upande wa pili hunyoosha uume lakini huufupisha kidogo. Kubandika kiraka mahali pa kovu hupunguza ufupisho huo, ila huweza kudhoofisha nguvu za kusimama, na asiyesimamisha kabisa huwekewa kipandikizi. Mwenye mpindo mdogo usiomzuia tendo la ndoa, mimi humrudisha nyumbani bila dawa yoyote.