Upasuaji wa Kupunguza Uzito kwa Mgonjwa Anayekatika Pumzi Usingizini

Waheshimiwa wasikilizaji, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wagonjwa huliuliza kwa matumaini makubwa: je, mtu mnene anayekatika pumzi usingizini, akifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, atapona na kuachana na mashine yake ya kupumulia, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku ili koo lisizibe? Jibu langu ni kwamba upasuaji huo ni tiba ya kweli na yenye nguvu, lakini kupungua uzito ni jambo moja na kupona maradhi haya ni jambo jingine, na la pili huthibitishwa na kipimo cha usingizi, si mizani wala kioo.

Katika jamii zetu anayekoroma kwa sauti huhesabiwa kuwa amelala usingizi wa pono, na watu wa nyumbani humwacha apumzike. Anayelala naye chumba kimoja ndiye ajuaye zaidi: mkoromo unapanda, unakatika ghafla, kifua kinahangaika bila hewa kupita, kisha baada ya sekunde 20 au 30 mtu anashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo kama aliyeibuka majini, anageuka upande wa pili na kuanza upya. Asubuhi yeye mwenyewe hakumbuki lolote, ila kichwa kinamuuma, na mchana anasinzia, pengine akiwa ameshika usukani.

Wataalamu huhesabu kila tukio la pumzi kukatika au kufifia kwa sekunde 10 au zaidi. Matukio 5 hadi chini ya 15 kwa saa ni ugonjwa mwepesi, 15 hadi 30 ni wa kadiri, na zaidi ya 30 ni mkali. Mwenye matukio 60 kwa saa, kwa hiyo, hukatika pumzi kwa wastani mara moja kila dakika usiku kucha, na oksijeni yake hushuka na kupanda huku moyo ukishtuliwa tena na tena. Ndiyo maana shinikizo la damu la wagonjwa hawa mara nyingi hukaidi vidonge.

Uzito unaingiaje hapa? Sehemu ya koo iliyo nyuma ya ulimi haina mfupa wala gegedu la kuishikilia. Huachwa wazi na misuli, na misuli hulegea tunapolala. Mafuta ya shingoni huibana kwa nje, na mafuta ya tumboni husukuma juu kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, mapafu yakapungua ujazo na koo likakosa mvuto wa kulinyoosha. Kuna na mafuta ambayo watu hawayafikirii kabisa, nayo ni ya ulimi wenyewe. Watafiti wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 2020 walichapisha picha za MRI, zinazoonyesha ndani ya mwili kwa sumaku, za wagonjwa 67 waliopungua takribani asilimia 10 ya uzito wao, wengine kwa kudhibiti mlo na wengine kwa upasuaji. Matukio ya kukatika pumzi yalipungua kwa kama asilimia 31, na kilichoeleza nafuu hiyo kuliko mabadiliko mengine ya koo kilikuwa kupungua kwa mafuta ya ulimi.

Upasuaji wenyewe uko wa namna kadhaa. Unaofanywa zaidi siku hizi ni kukata na kuondoa takribani robo tatu au zaidi ya tumbo la chakula na kubakiza mrija mwembamba. Mwingine hutenga kifuko kidogo cha kama mililita 30 na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Zote mbili hubadilisha pia homoni za njaa. Puto linaloingizwa tumboni kwa njia ya mdomo, huduma ambayo Watanzania wengi wameisikia kupitia Hospitali ya Mloganzila, si upasuaji, nalo hukaa kwa muda tu kisha likatolewa.

Naomba sasa tukae kidogo kwenye utafiti uliofanyika Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 2012, kwa sababu unafundisha mengi. Wagonjwa 60 wenye unene uliopitiliza, wote wakiwa na matukio 20 au zaidi kwa saa, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walifungwa mkanda kwenye sehemu ya juu ya tumbo la chakula, nusu wakapewa mpango wa kawaida wa mlo na ushauri. Baada ya miaka 2, waliopasuliwa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 27.8, na wenzao kilo 5.1 tu. Lakini matukio yalipungua kwa 25.5 kwa saa upande wa upasuaji na kwa 14 upande wa pili, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuondoa uwezekano wa kuwa imetokea kwa bahati. Ninavyousoma mimi, utafiti huu hauudharau upasuaji, kwani kundi lilikuwa dogo na mkanda ni dhaifu kuliko upasuaji wa leo. Unatuonyesha tu kwamba sehemu kubwa ya nafuu huja na kilo za mwanzo, na kwamba kilo mara tano zaidi hazileti nafuu mara tano.

Uchambuzi wa mwaka 2009, uliokusanya tafiti 12 za wagonjwa 342 waliopasuliwa, ulikuta matukio yameshuka kutoka wastani wa 55 kwa saa hadi 16. Hayo ni mafanikio makubwa mno kwa binadamu yeyote. Hata hivyo, 16 bado ni ugonjwa wa kadiri.

Hatari za upasuaji lazima tuzitaje kwa uwazi. Katika ufuatiliaji wa wagonjwa 4,776 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa kama 3 katika kila 1,000, na maradhi haya haya ya pumzi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza uwezekano wa madhara makubwa. Dawa za nusukaputi, pamoja na za maumivu za jamii ya mofini, hulegeza koo ambalo tayari ni dhaifu. Kwa hiyo mgonjwa apimwe usingizi kabla ya kupasuliwa, na mwenye mashine aende nayo wodini. Baadaye atahitaji vitamini na madini maisha yake yote. Na yule ambaye si mnene, ambaye shida yake ni taya dogo au mafindofindo makubwa, upasuaji huu haumhusu.

Ipo sasa na dawa ya sindano, tirzepatide, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2024 kwa wagonjwa wanene wenye maradhi haya ya kadiri au makali. Nayo pia hufanya kazi kubwa kupitia kupungua uzito.

Jambo linaloniumiza zaidi ni linalotokea miezi michache baada ya upasuaji. Mashine iliyopangiwa msukumo wa hewa wakati mgonjwa ana kilo 140 huenda ikawa kali mno kwake akifika kilo 110: hewa inavuja pembeni mwa barakoa, macho yanakauka, tumbo linajaa gesi, naye anaitupa mashine kabatini akiamini kwamba haihitaji tena. Alichohitaji ni kupunguziwa msukumo. Aendelee kuivaa hadi uzito utulie, jambo linaloweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi, kisha apimwe upya usiku kucha; na kilo zikianza kurudi miaka ya baadaye, kama zinavyowarudia baadhi yao, apimwe tena hata kama mkoromo bado haujasikika.