Mnaniuliza Bosnia Kukoje? Huu Hapa Mwaka Wao Mzima

Habari zenu ndugu zangu wa Arusha, Dar, Mombasa, Kigali na kokote mnakonitazama. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, huko Sarajevo bado wanapigana?" Hapana. Vita ya Bosnia iliisha mwaka 1995, mkataba ukatiwa saini Paris tarehe 14 Desemba. Lakini ukikaa hapa mwaka mzima unagundua kwamba kalenda ya nchi hii bado inafuata ile vita. Twende nayo.

Januari ni ngumu. Sarajevo, mji mkuu, uko bondeni, milima kila upande, watu wanawasha kuni na makaa ya mawe, na moshi haupati pa kutokea. Kuna siku hewa ya Sarajevo inaingia kwenye orodha ya hewa chafu kabisa duniani. Tunakimbilia mlima Trebević, kwa vile vibanda vinavyopanda kwa waya. Huko juu kuna jua, na kuna njia ya zege ya mashindano ya kuteleza kwa sleji kwenye barafu, iliyojengwa kwa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1984. Dunia nzima ilikuja kucheza hapa. Miaka minane tu baadaye, mlima huohuo ukatumika kuupigia mji mizinga.

Tarehe 6 Aprili ndiyo kumbukumbu ya kuanza kuzingirwa kwa Sarajevo mwaka 1992. Mji ulifungiwa siku 1,425. Ilipotimu miaka 20, walipanga viti vyekundu 11,541 katikati ya barabara kuu, kila kiti mtu mmoja aliyeuawa, na vya watoto vilikuwa vidogo. Ukitembea mjini angalia chini: pale kombora lilipoangukia na kuua watu, matobo ya lami yamejazwa rangi nyekundu. Mimi siwezi kuyakanyaga.

Siasa sitakaa sana. Urais una watu watatu, Mbosniaki (hawa wengi wao ni Waislamu), Mserbia na Mkroati, na uenyekiti unazunguka kila miezi minane. Sikukuu ya uhuru, tarehe 1 Machi, inasherehekewa nusu ya nchi, nusu nyingine haiitambui.

Sasa Julai. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Julai 1995, majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliuteka mji wa Srebrenica, mashariki mwa nchi, na kuua wanaume na wavulana wa Kibosniaki zaidi ya 8,000. Kisha wakaifukua miili kwa matingatinga na kuihamishia makaburi mengine ili kuficha ushahidi. Ndiyo maana mifupa ya mtu mmoja inaweza kupatikana makaburi mawili, matatu. Ndugu wanatoa damu, vinasaba vinalinganishwa, na kila mwaka tarehe 11 Julai waliotambuliwa wanazikwa Potočari, karibu na Srebrenica. Siku mbili kabla, lori lenye majeneza linapita Sarajevo na kusimama mbele ya ofisi ya urais. Watu wanajipanga, wanachomeka maua kwenye lori, wanaomba dua. Kuna mama anamzika mwanawe akiwa na mifupa michache tu, halafu miaka inapita anapigiwa simu: kimepatikana kipande kingine, kaburi lifunguliwe tena.

Sisi wa Arusha hili si la mbali. Hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari ilitolewa mjini kwetu, tarehe 2 Septemba 1998, kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda. Ya Srebrenica ilifuata The Hague, Uholanzi, mwaka 2001. Mahakama zote mbili, ile ya Rwanda pale Arusha na ile ya Yugoslavia ya zamani kule The Hague, zilipofungwa, kazi iliyobaki ikapewa chombo kimoja chenye ofisi The Hague na Arusha, na ndicho kilichothibitisha kifungo cha maisha cha Ratko Mladić, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Waserbia wa Bosnia, mwaka 2021. Na Umoja wa Mataifa ulipoifanya 11 Julai kuwa siku ya kumbukumbu duniani, mwaka 2024, waliopeleka hoja ni Ujerumani na Rwanda. Rwanda yetu hii!

Septemba mji mzima unanukia pilipili hoho. Nyekundu, magunia kwa magunia. Zinachomwa, zinamenywa, zinasagwa, zinapikwa na mafuta kwa saa nyingi huku mtu anakoroga hapumziki, kisha zinawekwa kwenye machupa ya kulia baridi yote. Inaitwa ajvar. Bibi jirani yangu hujaza kabati mpaka mlango haufungi. Wakati wa kuzingirwa watu walichoma samani, vitabu, hata viatu ili wapate moto wa kupikia, na yeye alikuwa humuhumu. Akinipa chupa hataki asante, anataka niketi ninywe kahawa, na kahawa ya hapa hainywewi kwa haraka.

Sasa ombi langu. Kama wewe, au mzazi wako, mlifanya kazi AICC, kile kituo cha mikutano cha Arusha, enzi za ile mahakama ya Rwanda, awe mkalimani, mlinzi, dereva, mpishi, niandikie. Nataka tuzungumze, nirekodi, halafu nitafsiri kwa Kibosnia ili watu wa huku nao wawasikie.