Kompyuta ya Kuzamia kwa Mfuko Mdogo: Mhadhara kwa Wazamiaji wa Nyanda za Juu Kusini

Wakubwa zetu shikamooni, na ninyi vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe, karibuni.

Tuanze na milima, maana ndiyo inayoamua mnunue kompyuta gani ya kuzamia, yaani kile kifaa cha mkononi kinachopima kina na muda, kikahesabu naitrojeni mwilini na dakika unazoweza kukaa chini. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700, na barabara ya kutoka Kyela kupitia Tukuyu inapanda juu kuliko mji wenyewe kabla ya kushukia Uyole. Mzamiaji wa Dar akitoka majini, nyumbani kwake ni usawa uleule. Ninyi mkitoka majini Matema mnaanza kupanda, na naitrojeni iliyoingia mwilini mkiwa chini bado haijaisha kutoka. Mgandamizo wa hewa ukishuka, naitrojeni hiyo inaweza kufanya mapovu kwenye viungo au uti wa mgongo. Na Kyela hakuna chumba cha mgandamizo cha kumtibu mtu aliyepata shida hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe skrini ya rangi. Muulize: kompyuta hii inajuaje mwinuko wa mahali?

Kuna zinazopima zenyewe mgandamizo wa hewa kabla hujazama, kama Shearwater Peregrine, lakini bei yake ni karibu mara mbili ya zile za kuanzia. Na kuna unazozipangia kwa mkono. Suunto Zoop Novo, kwa mfano, ina ngazi tatu: A0 ni mita 0 hadi 300, A1 ni 300 hadi 1,500, A2 ni 1,500 hadi 3,000. Matema, basi, ni A1. Ikibaki A0 itapiga hesabu kana kwamba uko Mtwara, ikupe dakika nyingi kuliko unazostahili, na haitakuonya. Zipo nyingine ambazo ngazi ya mwanzo inafika mita 700, hizo huna haja ya kuzibadilisha ngazi ukiwa Nyasa. Soma kitabu chake kabla ya kulipa. Ya kupanga kwa mkono inatosha kabisa, mradi upange ukiwa nchi kavu, kila safari.

Jambo la pili ni saa za kutoruka, ile alama ya ndege inayobaki kwenye skrini baada ya kuzama. Wengi huku wanadhani inamhusu anayepanda ndege Songwe tu. Basi la Tukuyu nalo linakupandisha. Kanuni inayotumika sana ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja usio na vituo vya lazima (kusimama njiani ukipanda juu ili naitrojeni itoke), na angalau saa 18 ukizama mara kadhaa au siku mfululizo. Ukimaliza mzamo wa pili Jumamosi saa tano asubuhi, saa 18 zinatimia Jumapili saa kumi na moja alfajiri. Lala Matema. Hata Kyela mjini ni tambarare, unaweza kusubiri hapo. Mlima unaanza ukishaiacha. Kama alama bado ipo muda huo ukishapita, iheshimu alama.

Sasa pa kubana matumizi. Kifaa cha kusoma hewa ya mtungi bila waya acha, geji ya kawaida iliyounganishwa na mtungi kwa mpira inatosha. Dira nunua ya kawaida. Ila msinunue kompyuta moja ya watu wawili, hilo tunalikataza kwa nguvu zote: inakumbuka naitrojeni ya mkono mmoja tu, na ukimwazima mwenzako katikati ya siku, hesabu ya wote wawili imeharibika. Mbili za bei ndogo ni bora kuliko moja ya fahari.

Maji ya ziwa yasiyo na chumvi yasiwatie wasiwasi. Kompyuta iliyopangwa kwa maji ya chumvi itaonyesha mita 20 wakati uko kama 20.6. Hesabu ya naitrojeni inatokana na mgandamizo wenyewe, haidhuriki.

Ukinunua iliyotumika, fungua mfuniko wa betri mbele ya muuzaji. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe kwenye vibati vya kugusia, maji yameshaingia, iache hata akupunguzie nusu. Pinda ile oringi, pete ya mpira inayozuia maji kwenye mfuniko, taratibu kwa vidole: ikionyesha nyufa ndogondogo, dai mpya ya saizi ileile. Bonyeza kila kitufe, kisha fungua kumbukumbu za mizamo uone kama kina na dakika vinasomeka. Uliza pia betri. CR2032 ni rahisi kupata. CR2430 na CR2450 ni ngumu zaidi, beba ya akiba. Na usibadilishe betri kati ya mizamo, kwa sababu baadhi ya kompyuta husahau naitrojeni yote uliyokwisha kubeba na kukuhesabu kama mtu aliyelala nchi kavu wiki nzima. Ikitokea, siku hiyo usizame tena.