Kipimo cha Nyuklia cha Kifuko cha Nyongo: Mgonjwa Atarajie Nini

Ndugu wasikilizaji, wengi wanaoandikiwa kipimo hiki huwa wameshapigwa ultrasaundi na kuambiwa kwamba hakuna mawe, ilhali maumivu ya chini ya mbavu za kulia yanarudi kila wanapokula chakula chenye mafuta. Ultrasaundi huonyesha umbo la kifuko cha nyongo. Kipimo cha nyuklia hufuatilia kazi yake: nyongo inavyotoka kwenye ini, inavyoingia katika kifuko, na inavyomiminika katika utumbo mwembamba.

Nitakaa zaidi kwenye suala la kutokula, kwa sababu mgonjwa asiyelielewa anaweza kupewa jibu la uongo. Ukila, mwili hutoa homoni inayokibana kifuko kitoe nyongo, na kifuko kinachojibana hakipokei kitu, hivyo kilicho kizima kitaonekana kana kwamba kimeziba. Ndiyo maana huagizwa kukaa bila kula kwa saa 4 au zaidi. Hata hivyo, aliyepitisha saa 24 bila chakula, kama mgonjwa wa wodini anayeishi kwa dripu, kifuko chake huwa kimejaa nyongo nzito na hakina nafasi. Lazima aseme, ili kwanza achomwe homoni ya kukimwaga. Vilevile taja dawa zote za maumivu za jamii ya mofini, kwani hukaza mlango wa mrija wa nyongo, pale unapoingia katika utumbo mwembamba. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Siku yenyewe utalala chali, na utachomwa kwenye mshipa dawa iitwayo mebrofenini iliyofungamanishwa na teknetiamu-99m, kitu kinachotoa mionzi. Kamera iliyo juu ya tumbo haitoi mionzi yoyote, inapokea tu ile inayotoka mwilini mwako. Picha huchukuliwa kwa muda wa saa 1 hivi, na kutulia bila kujisogeza ndiyo kazi yako kubwa. Kifuko kikichelewa kuonekana, unaweza kuchomwa mofini kidogo, ileile uliyoambiwa awali uitaje, kwa kuwa sasa kukaza mlango wa mrija kunaisukuma nyongo kuelekea kwenye kifuko. Au utaombwa urudi baada ya saa 3 hadi 4.

Kifuko kikishajaa, daktari anaweza kutaka kujua kinatoa kiasi gani. Utapewa homoni taratibu, kwa kawaida kwa dakika 60, na kifuko kinachotoa angalau asilimia 38 huhesabiwa kuwa kinafanya kazi vizuri. Unaweza kusokotwa na tumbo au kusikia kichefuchefu. Mwambie mhudumu papo hapo, hasa kama ni maumivu yaleyale yanayokusumbua nyumbani.

Kuhusu mionzi, kiasi chake kinakaribia kile tunachopata kwa mwaka mzima kutoka kwenye ardhi, anga na chakula. Mjamzito, au anayehisi huenda ni mjamzito, aseme kabla ya sindano, na anayenyonyesha aulize utaratibu.

Vitengo vya tiba ya nyuklia katika eneo letu ni vichache, na viko katika miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi. Anayesafiri apige simu mapema na awahi miadi yake, kwani nguvu ya teknetiamu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, na dozi iliyoandaliwa kwa ajili yake haiwezi kuwekwa hadi kesho.