Mfarishi wa Viraka Tisa, Wakati Shamba Likisubiri Kukauka

Karibu, ndugu mtazamaji. Hii ni meza yangu ya kushonea, na ukitazama dirishani nyuma yangu utaliona shamba lilivyo mwanzoni mwa machipuko: theluji imeyeyuka, matope yanafika vifundoni. Asubuhi nimechota udongo, nikaufinya kiganjani ukawa tonge, kisha nikalibonyeza lile tonge kwa kidole gumba. Halikumeguka, liliacha alama ya kidole tu. Udongo ukiwa hivyo hauguswi. Ukiulima unashikamana, na yale mabonge yatakuwa magumu hadi kiangazi. Kwa hiyo ardhi inangoja, na mimi nashona.

Majira haya nayapenda kuliko yote, kwa sababu kazi zake huja vipande vipande. Unakagua kondoo waliokaribia kuzaa, unanyunyizia maji miche ya nyanya, halafu unapata nusu saa yako. Mfarishi wa viraka unakubali nusu saa. Viraka tisa vikiungwa vinakuwa pande moja, na pande moja ni kazi unayoweza kuianza na kuimaliza kati ya zamu mbili za bandani.

Tunaanza na vitambaa. Chagua pamba tupu, yenye uzito wa shati la kawaida. Mashati na magauni yaliyochakaa yanafaa sana. Kata sehemu iliyo nzima, uache kola na viwiko. Vitambaa vinavyovutika usivichanganye humu, vitapinda mishono yote. Wanawake wa Gee's Bend, kule Alabama, Marekani, walishona mifarishi kwa nguo za kazi za shambani zilizochakaa, na mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa mjini Houston. Ukiwa na suruali ya kazi iliyopauka magotini, usiitupe. Ile rangi iliyoliwa na jua haipatikani dukani.

Fua kila kitu kwanza. Pamba hurudi ikifuliwa, na ni heri irudi sasa kuliko baada ya kushonwa. Nyekundu na buluu iliyokoza zipime: lowesha kipande, kibonyeze kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha alama, fua tena.

Sasa gawa vitambaa mafungu mawili, vilivyokoza na vyepesi. Hapa wengi hukwama wakifikiri ni suala la rangi gani inaendana na ipi. Kinachobeba sura ya viraka tisa ni tofauti ya koza na nyepesi. Vipange, rudi nyuma hatua tatu, fumba macho nusu. Vikionekana vimeyeyukiana, badilisha kimoja. Au vipige picha isiyo na rangi kwa simu. Tofauti itajionyesha yenyewe.

Tunakata. Mfarishi wetu utakuwa na upana wa inchi 45 na urefu wa inchi 54, unaotosha kujifunika ukiwa umekaa. Tunahitaji viraka 135 vya mraba wa inchi 3 na nusu: 75 vilivyokoza, 60 vyepesi. Vilevile miraba mikubwa 15 ya inchi 9 na nusu, ya kitambaa kimoja, itakayokaa kati ya mapande. Tengeneza kigezo cha karatasi ngumu na ukate kwa kukifuata. Kabla ya mkasi, shika kitambaa ukivute. Ukivuta kwa kufuata mtande, nyuzi za urefu wa kitambaa, hakisogei; ukifuata mshindio, nyuzi za upana, kinasogea kidogo; ukivuta kwa hanamu, yaani kimshazari, kinanyumbuka. Kingo za kila kiraka zifuate mtande na mshindio. Kiraka kilichokatwa hanamu ni mraba mezani tu; kwenye cherehani kinakuwa kitu kingine.

Nasogeza kamera karibu, maana hapa ndipo ningependa ukae nami muda mrefu. Mshono wetu ni robo inchi kutoka ukingoni. Si "kama robo inchi". Fikiria unaingia ndani zaidi kwa milimita 1. Kila mshono unakula milimita 1 kwenye kila kiraka, yaani 2, na pande lina mishono miwili kwa upana. Umeshapoteza milimita 4, na ule mraba mkubwa wa kukaa jirani haukupoteza chochote. Utavuta, utakunja, na kitambaa kitakataa.

Pima kutoka kwenye sindano robo inchi kuelekea kulia, ubandike hapo utepe unaonata, uwe ukuta wa kuelekezea kitambaa. Shona viraka vitatu vya majaribio, vipige pasi, upime. Upana wote lazima uwe inchi 9 na nusu, na kiraka cha katikati inchi 3 kamili. Kikipungua, sogeza utepe kiasi cha unywele kuelekea sindano, kwa sababu kitambaa nacho kinakula kidogo pale kinapojikunja juu ya mshono. Rudia mpaka vipimo vikubali. Mimi jaribio hili nalifanya kila mwaka, na cherehani yangu ni ileile.

Kila pande lina mistari mitatu. Wa juu na wa chini: koza, nyepesi, koza. Wa katikati: nyepesi, koza, nyepesi. Shona kila mstari, kisha pasi. Weka pasi juu ya mshono, bonyeza, inua, hamia pembeni. Usiisugue huku na huko, utavuta kitambaa. Mshono uulaze upande uliokoza, ili usionekane kwa chini ya kitambaa chepesi. Sasa angalia: kwenye mstari wa juu mishono imelala kwenda nje, na kwenye wa katikati imelala kwenda ndani. Ukiwekanisha mistari hiyo miwili, mishono inakutana na kujifunga, huu huku na ule kule. Papasa kwa kidole, utahisi imekaa. Weka pini hapo na ushone. Pembe nne zilizokutana sawasawa kwenye pande lako la kwanza! Hiyo furaha mimi sijaizoea bado.

Kama huna cherehani, au unakesha kama mimi, shona kwa mkono. Huu ni mfuko wangu wa zamu ya usiku: viraka tisa vilivyotobolewa na pini moja kwa mpangilio wake, sindano, uzi na mkasi mdogo. Chora mstari wa robo inchi kwa penseli nyuma ya kiraka, upige bandi ndogondogo juu yake, yaani mishono ya sindano kuingia na kutoka, na kila baada ya mishono michache rudisha sindano nyuma mara moja ili uzi usilegee. Kondoo jike akianza kujitenga, kukwangua chini kwa kwato, kulala na kuinuka, funga mfuko. Yeye kwanza, kitambaa baadaye. Mwanakondoo akishasimama na kunyonya dang'a, nawa mikono kwa sabuni mara mbili kabla ya kurudi kwenye kitambaa, maana mafuta ya sufu yanaingia kwenye pamba na kutia doa. Pande hili la buluu na maziwa nililimaliza juzi usiku, kati ya pacha wa kwanza na wa pili.

Mapande 15 yakitimia, yatandaze kitandani. Mistari sita, kila mmoja nafasi tano: pande la viraka, mraba mkubwa, pande, mraba, pande. Mstari wa pili uanze na mraba. Hamisha, badilisha, lala, kesho utazame tena. Kisha unga kila mstari, ukilaza mishono upande wa miraba mikubwa, halafu unga mistari yenyewe kwa yenyewe. Huo ndio uso wa mfarishi.

Bitana iwe inchi 53 kwa 62, yaani izidi uso kwa inchi 4 kila upande, na tabaka la pamba la kujazia vilevile. Tandaza bitana sakafuni, upande wa nyuma ukitazama juu, uikaze bila kuivuta na kubandika kingo zake kwa utepe. Juu yake pamba. Juu ya pamba, uso. Lainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, kisha piga bandi ndefu za uzi mweupe, mstari kila baada ya upana wa ngumi, nazo zikianzia katikati. Usiruke hatua hii. Bitana iliyojikunja utaigundua ukiwa umeshashona nusu.

Kisha tunashona matabaka matatu pamoja. Chora kwa penseli hafifu mistari ya hanamu inayopita kwenye pembe za viraka, uiendeleze juu ya miraba mikubwa. Mistari itaachana kwa inchi 2 na kitu, inayotosha kuzuia pamba isikusanyike. Kata uzi wa dhiraa moja, mrefu zaidi utajisokota. Piga fundo dogo, ingiza sindano mbali kidogo, vuta taratibu mpaka fundo litumbukie ndani ya pamba. Subana kwenye kidole cha kati, mkono mwingine chini ukiisikia ncha ya sindano, na bandi fupi, mbili tatu kwa mara moja. Usijitese kutafuta mishono midogo. Tafuta mishono inayolingana, udogo utakuja na mkono.

Hatua hii itapita mwanzo wa machipuko. Udongo utameguka kiganjani, utatoka kupanda, na mfarishi utakungoja hadi jioni za mvua. Hakuna kinachoharibika.

Kumalizia, punguza kingo, kata vitambaa vya upana wa inchi 2 na nusu, viunge hadi upate kama inchi 210. Kunja katikati kwa urefu, shonea kingo mbichi upande wa uso, kisha geuza ukunjo nyuma na uufiche mshono kwa mkono. Toa zile bandi ndefu za uzi mweupe. Fua kwa maji baridi na uanike ukiwa umelazwa. Pamba ya ndani itarudi kidogo na uso wote utafanya mikunjo laini.

Kona ya chini ya bitana, andika kwa uzi jina lako na mwaka. Mimi naongeza na idadi ya wanakondoo waliozaliwa wakati uso unashonwa. Mwaka huu nimefika 19, na kondoo wawili bado.