Kigango si pambo

Maiki inasikika huko nyuma? Haya. Wale mshanisikia mtanivumilia, mnajua naanzia wapi.

Tukisema kubadilishana utamaduni, maana yake ni nipe nikupe. Sasa niambieni, kigango, ile sanamu ya mbao ya kumkumbuka marehemu kwa Wamijikenda, kilipochukuliwa tulipewa nini badala yake?

1985, mzee mmoja Mgiriama huko Pwani alikuta vigango viwili vya ndugu zake vimeng'olewa. Na kigango si pambo jamani, ni marehemu wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, amesimamishwa pale, unamwagia mnazi, unaongea naye. Bahati nzuri kuna mtafiti kutoka Marekani alikuwa amempiga mzee picha na hivyo vigango vyake, na hiyo picha ndio ilikuja kusema ukweli, maana miaka mingi baadaye huyo mtafiti akakitambua kimoja kwa mkusanyiko wa makumbusho huko Illinois, cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, huko walikuwa na vigango karibu mia! Viwili vya mzee vilirudi 2007. Miaka 22. Mzee mwenyewe alikuwa ashazikwa kitambo.

Naona mkono umeinuka na najua unataka kusema nini. "Mwalimu, si kule vinatunzwa, hapa vingeliwa na mchwa?" Wacha viliwe! Nani alikwambia kigango kilichongwa kikae milele? Watu wakihama boma kinaachwa palepale, hakisogezwi, mvua inyeshe, jua liwake, mchwa wale mpaka kiishe, ndivyo wenyewe walivyotaka. Kwa hivyo huyo amekiweka kwa kioo na kukipulizia dawa ya wadudu hajakitunza, ameking'ang'ania tu, na bado anangoja tumwambie asante.

Na msinipigie makofi ya kulaani mzungu peke yake. Nani aling'oa usiku? Vijana wetu, kwa pesa kidogo sana, na madalali wa vitu vya watalii walikuwa hapahapa Kenya. Ona sasa, mmenyamaza.

Makumbusho ya Denver, Marekani, nao walikubali 2014 kurudisha vigango 30, sawa, hongera. Ngadji, ile ngoma ya Wapokomo iliyochukuliwa 1902, iko British Museum kule London, ndani ya stoo, hata si ya kuonyeshwa watu. Hiyo ni stori ya siku nyingine.

Alafu Joseph Murumbi. Nyinyi nyote mmeshaambiana "tupatane hapo Archives", yaani Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Mkono juu aliyewahi kuingia ndani. Watatu? Aibu! Huyo Murumbi, Makamu wa Rais wa zamani, alikusanya sanaa ya Afrika nzima, iko pale chini, na nyinyi mko nje mnangoja date mkikaliwa na njiwa.

Nilikuwa nifike kwa wasanii wetu wanaonyimwa viza wakati vinyago vyao vilienda bila pasipoti, lakini naonyeshwa karatasi hapa, dakika moja. Basi maswali. Huyo wa mchwa aanze.